Usijikaze peke yako: niliyojifunza Ngamiani kuhusu msongo wa mawazo

Mtu akipatwa na jambo hapa Tanga, ushauri wa kwanza anaopewa ni kujikaza. Kafiwa, ajikaze. Kaachwa na watoto watatu, ajikaze. Biashara imekufa na deni limebaki, ajikaze vilevile. Wanaosema hivyo wana nia njema, na mimi nimeambiwa hivyo na watu wanaonipenda. Lakini nimepita kwenye mwaka mgumu, na tangu hapo nimekuwa nikisoma wataalamu wanasema nini kuhusu ustahimilivu. Nimeamini jambo moja: wanaovuka shida wakabaki wazima si wale wenye moyo mgumu kuliko wengine. Ni wale waliokuwa na mtu, na waliojua la kufanya kesho yake asubuhi.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Mwaka ule mama alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Asubuhi namwogesha, namgeuza, namlisha uji kwa kijiko, kisha nakimbilia dukani kumalizia sare za harusi za watu ambao pesa zao huja kwa mafungu. Kodi ya fremu imekaribia, mtoto anadaiwa ada. Usiku nalala saa nne, saa nane niko macho nahesabu. Mkono ukaanza kunitetemeka nikitunga uzi kwenye sindano, kichwa kinauma kuanzia kisogoni, na nyumbani kila sauti ya mtoto naiona kelele.

Mwili una sababu zake. Ukishtuka, homoni za adrenalini na kotisoli hupanda, moyo unakwenda mbio, sukari inaongezeka kwenye damu ili upate nguvu ya kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, mwili unatulia. Msongo wa namna hiyo si mbaya. Hata uzi wa cherehani usipokazwa kidogo mshono unalegea. Shida inakuja pale hatari yenyewe inapokuwa kodi ya pango au mgonjwa wa ndani, kitu kisichoisha leo wala kesho, na mwili ukabaki macho mwezi baada ya mwezi. Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi hali hiyo inavyouchakaza mwili: presha, usingizi, kumbukumbu. Kwa hiyo ukimwona jirani anasahausahau na kuwaka hovyo, usikimbilie kusema kabadilika tabia.

Aliyenitoa mimi ni mama mtu mzima wa mtaani kwetu tunayemwita Bi Mkubwa. Alasiri moja nilipita barazani kwake, anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae."

Nikamwambia nina haraka. Akasogeza ungo, akanipisha mkekani. "Haraka zako nazijua. Kaa."

Nikakaa, na kabla hajauliza kitu machozi yakanitoka. Hakuninyamazisha. Hakuniambia wapo wenye shida kunizidi. Aliendelea kutoa chuya mojamoja mpaka nikanyamaza mwenyewe, ndipo akasema, "Haya, nitajie. Moja moja, usichanganye." Mimi nataja, yeye anakunja vidole. Mkono ulipojaa akauliza, "Katika haya yote, lipi ukiligusa kesho asubuhi litasogea?" Mama hawezi kupona kesho. Pesa za sare haziji kesho. Ila mwenye fremu ningeweza kumfuata kabla hajanifuata yeye. "Basi kesho saa mbili uwe kwake. Ukitoka huko upite hapa, uniambie kasemaje."

Nilikwenda, akanipa mwezi mmoja. Mengine yote yalibaki palepale, lakini usiku ule nililala.

Baadaye sana nikasoma habari za Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, nikamwona Bi Mkubwa ndani yake. Madaktari wa akili nchini kwake walikuwa wachache mno, wagonjwa ni wengi. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, akaanza na akina bibi 14. Hawakuwa madaktari, walipewa mafunzo na benchi la mbao nje ya zahanati. Mtu anakaa na bibi, anamwaga yote, kisha wanachagua tatizo moja, wanapanga hatua ya kulikabili, na anarudi kueleza limefikia wapi. Mwaka 2016 yakatoka matokeo ya utafiti wa watu 573. Baada ya miezi sita, katika waliopata huduma ya kawaida ya zahanati, karibu 50 katika kila 100 bado walikuwa na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Katika waliokaa na bibi, ni kama 14 tu katika kila 100.

Yaani kazi ile inaweza kufanywa na mtu mzima mwenye busara na subira, akifundishwa kidogo. Mitaa yetu imejaa watu hao. Makorora wapo, Chumbageni wapo, Sahare wapo.

Kwa watoto ndiyo hivyohivyo. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi wakawa watu wazima. Wapo waliokulia katika umaskini, nyumba za ugomvi, wazazi walevi au wagonjwa. Theluthi moja ya hao waliokuwa hatarini wakaja kuwa watu wazima wazuri, wenye kazi na wenye huruma. Jambo lililojitokeza tena na tena ni kwamba walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashikilia bila kuyumba, na si lazima awe mzazi: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Ukiwa na mpwa au mtoto wa jirani anayeishi kwenye nyumba yenye misukosuko, kule kumwita kila Jumamosi ale kwako na kumuuliza ya shule si jambo dogo. Endelea nalo.

Najua kinachotuzuia. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwenye sitara, mambo ya ndani hayatoki nje. Na umbea upo; mtu anaweza kukusikiliza saa kumi na saa kumi na mbili mtaa mzima unajua. Mimi sisemi usimame Mgandini sokoni utangaze. Nasema mtu mmoja, na umchague. Anayekuletea siri za wenzako, zako pia atazipeleka. Anayekukatiza kila ukianza ili aeleze yake, hakufai kwa siku hiyo, hata kama ni shoga wa tangu utotoni. Mtafute yule ambaye umewahi kusikia jambo zito la mtu limepita kwake na halikutoka. Mara nyingi si mtu wa maneno mengi. Na umfuate penye faragha, mchana, si mbele ya wageni.

Kwa wanaume ni kugumu zaidi. Baraza za kahawa wanazo: kahawa chungu na kashata, dhumna, Coastal Union kacheza vipi Mkwakwani. Watakaa mpaka giza liingie, na katikati yao yupo ambaye watoto wake wamelala na chai ya rangi, hajasema. Kaka yangu ukimkalisha umuulize ana nini, atajibu "poa tu". Lakini tukitembea jioni kuelekea Raskazone, yeye anaangalia bahari na mimi naangalia mbele, anaongea mpaka tunachelewa kurudi. Kama una mume, kaka au baba wa namna hiyo, usimkabili uso kwa uso. Tembea naye, au mfuate akiwa anatengeneza baiskeli umshikie spana.

Kuhusu usingizi, nina daftari la shule kando ya kitanda. Kabla ya kulala naandika ya kesho: nani nimfuate, kitambaa gani nikate, dawa ya mama inaisha lini. Nilianza hivyo kwa sababu ya Bi Mkubwa, kisha nikakuta kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, mwaka 2018 walilijaribu kwa vijana 57. Walioandika mambo yanayowasubiri kwa dakika tano walipata usingizi mapema, kwa wastani wa dakika tisa, kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza. Na walioyaorodhesha kwa undani zaidi walisinzia haraka zaidi. Kwa hiyo usiandike "pesa". Andika unamdai nani, kiasi gani, na utampigia saa ngapi.

Pesa yenyewe inahitaji uangalifu wake. Kuna utafiti wa mwaka 2013 juu ya wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India: watu walewale walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya akili kabla ya mavuno, pesa zilipokuwa zimekauka, kuliko baada ya kuvuna. Akili yao haikupungua, ilikuwa imeshughulishwa na ukata. Nikisoma hayo nawafikiria akina mama wanaosaini mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, wiki ya kodi. Kama unaweza, usikubali mkataba wowote siku ambayo kichwa kimejaa deni. Lala nao, mpe mtu mwingine ausome, uulize riba kwa mwezi na kwa mwaka.

Msiba nao nauzungumzia kwa ufupi. George Bonanno wa Chuo Kikuu cha Columbia ameonyesha kwamba wengi wanaofiwa huendelea na maisha bila kuvunjika, na kila mmoja huomboleza kwa namna yake. Asiyelia matangani msimseme. Ila mkumbuke kwamba kwetu nyumba hujaa siku za mwanzo, halafu watu hutawanyika wote kwa pamoja. Anayetaka kusaidia kweli aende wiki ya tatu.

Na yapo mambo ambayo sikubali mtu aambiwe ayastahimili. Mwanamke anayepigwa hahitaji kufundishwa uvumilivu, anahitaji kutoka mahali pale, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo. Kijana anayefanya kazi miezi bila kulipwa hana tatizo la saikolojia, ana tatizo la mwajiri. Tukiyaita yote msongo wa mawazo tutakuwa tunamtibu aliyeumizwa na kumwacha anayeumiza.

Dua na sala zina nafasi yake, mimi mwenyewe nisingevuka bila hizo. Hospitali nayo ina nafasi yake. Huzuni ikifika wiki mbili haiondoki, mtu halali au analala mchana kutwa, hali chakula, hafurahii chochote alichokuwa anakipenda, nenda kituo cha afya kilicho karibu au Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, ueleze bila kuona haya. Na kama mtu amekwambia hataki tena kuishi, usimkemee na usimwambie ni kukosa imani. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake. Ondoeni nyumbani dawa za kuulia wadudu na vidonge vingi, mwite ndugu mmoja anayemwamini, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na bajaji ni ya kuazima nauli.