Maswali ya Kompyuta: PHP kwa Darasa Zima, Bando Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa somo la kompyuta katika shule moja ya sekondari mkoani Njombe. Tuna kompyuta nane za mezani, zote ziliwekwa mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04 siku moja, na muhula huu ninataka kuwafundisha wanafunzi kutengeneza kurasa za wavuti kwa lugha ya PHP. Nilipakua PHP kutoka kwenye tovuti yake, nikapata faili iliyobanwa yenye faili nyingine nyingi mno ndani yake, wala sikuona ya kubofya. Rafiki yangu akanishauri niandike amri ya sudo apt install php. Kompyuta ya kwanza ilijibu kwamba kifurushi hakipatikani. Ya pili ilianza vizuri, umeme ukakatika katikati, na tangu siku hiyo inakataa kusakinisha kitu chochote. Intaneti tunayotumia ni bando la simu yangu. Nifanyeje? – Mwalimu, Njombe.

JIBU: Mwalimu, pole kwa usumbufu, na hongera kwa kuwatolea wanafunzi bando lako. Rafiki yako alikuelekeza njia iliyo sahihi, ila hakukueleza nani anayefanya kazi nyuma ya amri ile, na ukimfahamu huyo, mambo yote matatu yaliyokukwamisha yataeleweka.

Programu ya apt ni msimamizi wa vifurushi. Kifurushi hapa ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake: faili zake zikae wapi, na ni programu zipi nyingine ambazo bila hizo haiwezi kufanya kazi. Ubuntu imeurithi utaratibu huu kutoka Debian, mradi wa mfumo endeshi ulioanza mwaka 1993. Mchukulie msimamizi huyu kama mtunza ghala mwenye daftari, ambaye huandika kila kinachoingia na kila kinachotoka, hukagua saini ya mzigo kabla ya kuupokea, na ukimwagiza kitu kimoja hukuletea na vile ambavyo kitu hicho kinavitegemea.

Tuanze na kompyuta iliyozimikiwa na umeme. Kila kifurushi husakinishwa kwa hatua mbili: kwanza hufunguliwa na faili zake kuwekwa mahali pake, kisha huandaliwa ili kiwe tayari kutumika. Umeme ulipokatika, baadhi ya vifurushi vilikuwa vimekwisha kufunguliwa lakini havijaandaliwa, na daftari linaonyesha hivyo. Mtunza ghala hataki mzigo mpya kabla ule wa kwanza haujamalizwa, na ana haki. Andika amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt-get install -f

Ya kwanza humalizia kuandaa vilivyoachwa njiani, na ya pili huleta vile vilivyopungua. Ukiambiwa kwamba kuna kufuli, maana yake programu nyingine inaandika katika daftari hilo wakati huo, na mara nyingi ni Ubuntu yenyewe inayojisasisha kimyakimya baada ya kuwashwa. Subiri imalize. Utakutana na watu watakaokushauri uifute faili ya kufuli kwa nguvu. Nakusihi usiwafuate, kwa sababu programu mbili zikiandika katika daftari moja kwa wakati mmoja, unaweza kulazimika kuisakinisha Ubuntu upya.

Kompyuta ya kwanza haina ugonjwa. Ilikuwa na orodha ya zamani ya vifurushi, au haikuwa na orodha kabisa kwa sababu haijawahi kuingia kwenye mtandao tangu ilipowekwa Ubuntu. Amri ya sudo apt-get update huleta orodha mpya bila kusakinisha chochote, na baada ya hapo kifurushi kitaonekana.

Sasa tuje kwenye bando, ambalo naliona ndilo jambo kubwa katika barua yako. Kwenye Ubuntu, kifurushi kinachoitwa php hakiji peke yake: huja pamoja na Apache, ambayo ni seva kamili ya wavuti, yaani programu inayovipa vivinjari kurasa. Wanafunzi wanaoanza hawaihitaji, kwa kuwa tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012, PHP ina seva yake ndogo ya kujifunzia. Agiza php-cli, na kama utafundisha kuunganisha ukurasa na hifadhidata ya MySQL, ongeza php-mysql. Kwenye Ubuntu 24.04 utapata PHP 8.3, ambayo inatosha kabisa kwa darasa lako hata kama kuna matoleo mapya zaidi.

Halafu pakua mara moja tu kwa kompyuta zote. Chagua kompyuta moja kati ya zile sita ambazo hujazigusa, uiunganishe na simu, kisha uandike:

sudo apt-get clean
sudo apt-get update
sudo apt-get install --download-only php-cli php-mysql

Amri ya kwanza husafisha vifurushi vya zamani vilivyobaki, ili usije ukavibeba bila sababu. Ya tatu, kabla ya kupakua, hukuonyesha majina ya vifurushi vyote vitakavyoletwa pamoja na ukubwa wake kwa megabaiti, na pengine huuliza kama iendelee. Soma mstari huo, ulinganishe na salio lako, ndipo ukubali. Mtandao ukikatika, rudia amri hiyo hiyo, nayo haitapakua upya vile ilivyokwisha kuvipata. Ikimaliza haitasakinisha kitu, bali vifurushi vitakusubiri katika folda ya /var/cache/apt/archives, vyote vikiwa na majina yanayoishia na .deb. Vinakili kwenye flashi.

Zingatia kwamba nimeandika apt-get wala si apt. Ukisakinisha kwa amri fupi ya apt, vifurushi hufutwa mara usakinishaji unapofaulu, na bando lako linakuwa limehudumia kompyuta moja tu, ilhali apt-get huvitunza. Zingatia pia kwamba msimamizi hapakui kile ambacho kompyuta tayari inacho, na ndiyo maana nimependekeza utumie kompyuta inayolingana na wenzake. Ungepakulia kwenye ile ya pili, ambayo tayari ina nusu ya mzigo, flashi yako ingepungukiwa.

Katika kila kompyuta, nakili faili hizo kutoka kwenye flashi hadi kwenye folda mpya, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, kisha uandike:

sudo apt-get install ./*.deb

Alama ya nukta na mkwaju mwanzoni ni ya lazima, kwa kuwa ndiyo inayomwambia msimamizi kwamba mzigo uko hapa hapa. Baada ya hapo andika php -v. Ukijibiwa kwa mstari unaoanza na PHP 8.3, kazi imekwisha.

Kuhusu ile faili uliyoipakua kwenye tovuti, huo ni msimbo chanzo, ambao hujengwa kwanza ndipo utumike. Naomba uiache. PHP iliyojengwa kwa mkono hukaa kwa kawaida katika /usr/local, mahali ambapo mtunza ghala hapaandiki katika daftari lake, na kompyuta hutafuta amri huko kabla ya kwingine. Matokeo yake ni kwamba marekebisho ya usalama yataletwa kila mara kwenye PHP moja, na wanafunzi watakuwa wanatumia nyingine isiyorekebishwa, bila mtu yeyote kutambua.

Jambo la mwisho ni lile ambalo wanafunzi wako watakutana nalo siku ya kwanza. Mwanafunzi ataandika ukurasa wake, ataubofya mara mbili, na badala ya salamu aliyoitarajia ataona msimbo wake mwenyewe, au skrini nyeupe. Kivinjari hakielewi PHP; seva ndiyo huuendesha msimbo na kukipa kivinjari matokeo. Basi aingie katika folda ya kazi yake na kuandika php -S localhost:8000, aliache dirisha hilo wazi, kisha afungue anwani ya http://localhost:8000/salamu.php ikiwa faili yake inaitwa salamu.php. Herufi S katika amri hiyo ni kubwa. Seva hii ni ya kujifunzia tu, wala isitumike kwa tovuti inayotembelewa na watu.

SWALI: Nina Ubuntu yenye Apache na PHP 8.3. Wateja wangu wanashindwa kupakia picha zinazozidi megabaiti 2. Nimebadilisha upload_max_filesize kuwa 20M ndani ya php.ini, faili ya mipangilio ya PHP, lakini hakuna kilichobadilika. – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, Ubuntu huweka php.ini zaidi ya moja. Iliyo katika /etc/php/8.3/cli inahusu amri unazoandika kwenye dirisha la amri, na iliyo katika /etc/php/8.3/apache2 ndiyo inayosomwa na tovuti yako. Ukiandika php --ini utaonyeshwa ile ya kwanza, na nadhani hiyo ndiyo uliyoibadilisha. Rekebisha ya pili, na humo humo upandishe post_max_size, ambayo kwa kawaida ni 8M, iwe 25M, kwa sababu fomu nzima pamoja na picha yake lazima itoshe ndani ya kiwango hicho. Kisha andika sudo systemctl restart apache2, maana Apache husoma faili hiyo inapoanza tu.

Ikikataa bado, tengeneza ukurasa wenye phpinfo(), amri ya PHP inayoorodhesha mipangilio yake, uufungue kwenye kivinjari, nao utakuonyesha karibu na mwanzo njia ya php.ini inayotumika. Ukishaiona, ufute ukurasa huo siku hiyo hiyo, kwa kuwa unamwonyesha kila mpita njia mpangilio wa seva yako.