Battambang: mkoa au mji?

Mkuu, umeuliza kwa nini Battambang ya Kamboja mara inaitwa mkoa, mara mji. Ni vyote viwili. Kuna mkoa wa Battambang, na ndani yake kuna manispaa yenye jina hilohilo, ambayo ndiyo makao makuu. Wakhmer, yaani wenyeji wa Kamboja, huiita manispaa "krong". Wilaya za vijijini ni "srok". Krong hugawanywa katika "sangkat", tuseme kata, na Battambang mjini zipo 10.

Kuhusu nani anachagua nani, hapo ndipo wengi hupotea. Katika uongozi wa manispaa, mwananchi hupigia kura diwani wa sangkat tu, kila baada ya miaka 5. Baraza la manispaa huchaguliwa na madiwani hao, utaratibu ulioanza 2009, na gavana wa manispaa, yaani meya, huteuliwa kutoka juu. Kwa hiyo ukisikia "wamechagua meya", si kweli.

Halafu usishangae ukikuta historia yake imechanganyika na ya Thailand. Siam, jina la zamani la Thailand, iliishika Battambang tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi 1907, ilipoiachia Ufaransa. Ikachukuliwa tena 1941, ikarudishwa 1946. Nyumba za kikoloni unazoona kwenye picha, kando ya mto Sangkae, ni za enzi ya Wafaransa.

Jina lenyewe lina maana ya "fimbo iliyopotea", na sanamu ya mwenye fimbo wa simulizi hiyo ya kale, mweusi tii, amepiga magoti mjini humo, watu wakimpelekea ubani.