Kidole cha babu yako

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Umeniuliza kwamba, maadamu daktari amesema ni Parkinson, maradhi haya ya kutetemeka, nikizidiwa nataka kuangaliwa na nani: wewe uliye Nairobi au kaka yako hapa Kibokoni. Nitakujibu. Kwanza nikwambie habari ya kidole.

Mwaka 1994 ulikuwa mdogo. Babu yako alikuwa hajui tena kama ni alfajiri au magharibi, akimwita mama yangu, aliyekwisha kuzikwa, amletee kanzu. Ami yako akaja na karatasi za nyumba ya Kuze na wino wa muhuri. Akakishika kidole gumba cha baba, akakichovya, akakikandamiza. Mkono ulikuwa ukitetema, alama ikatoka kama doa, ikabidi arudie. Baba akakitazama kile kidole cheusi, akaniuliza, "Nimeshapiga kura?" Nikamwambia, "Ndiyo, baba."

Lile "ndiyo" halijanitoka kifuani. Ami yako alisema pesa ni za matibabu, na kweli nyingine zilikwenda hospitali. Nyingine je? Nami nilikuwa nimekaa pale pale, sikumzuia. Alidhulumu? Neno liko ulimini, lakini ametangulia mbele ya haki, na watoto wake ni ndugu zenu. Nalimeza.

Ndiyo maana nasema, na nitasema tena: karatasi iandikwe mkono ukiwa bado ni wangu.

Nimekwenda kwa wakili. Naweza kutoa hati ya uwakilishi ili mmoja wenu anishughulikie benki na nyumba, na ya nyumba itasajiliwa ofisi ya ardhi. Lakini akasema, kwa sheria ya Kenya, akili ikiniondoka na hati hiyo imekufa. Hapo mtakwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali yangu chini ya Sheria ya Afya ya Akili. Nikamuuliza, sasa hati ya nini, kama inakufa siku ninayoihitaji? Akanijibu kwamba maradhi haya huweza kuchukua mikono na miguu kwa miaka mingi akili ikabaki. Wengine huipoteza mwishoni, wengine hawaipotezi. Basi ni ya miaka hiyo.

Na asidhani mtu kwamba atakayeniogesha nitamwandikia nyumba katika wasia. Kwa dini yetu, wasia mwisho wake theluthi ya mali, tena si kwa mrithi, ila warithi wenziwe waridhie. Nikitaka kumpa mtu kitu, iwe hiba, nimkabidhi nikiwa hai na akili zangu timamu.

Sahihi yangu unaijua, ile ya ukarani Kilindini, imejaa mstari mzima. Sasa yaanza kubwa na kumalizikia kama sisimizi. Mwezi uliopita benki imenirudishia fomu, ati haifanani. Kwa hiyo hatuna muda wa kungoja Idi.

Nani? Kaka yako anazijua saa za vidonge vyangu kuliko mimi. Wewe ndiye pekee unayeweza kuniambia "hapana, baba" nikakubali. Jibu ninalo, nakaribia kuliandika hapa, lakini nikilitoa kwa barua mmoja wenu atalisikia peke yake.

Panda treni Alhamisi. Wakili ni Ijumaa saa nne. Kidonge nitameza saa tatu, ili nikifika mkono uwe umelegea. Mkae wote wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, na asinishike mtu mkono.

Baba yako