Andika Majina ya Vijito Kabla ya Kuchora Mpaka

Katika vijiji vingi vya Kigoma, kuanzia nyanda za juu za Kasulu hadi bonde la mto Luiche, mpaka wa kijiji au wa parokia hufuata maji. Kwa hiyo kila ninapoombwa kusaidia kuandika mipaka, naanza na vijito, hasa vile vidogo ambavyo ramani imevichorea mstari wa buluu bila jina lolote.

Jina la kijito lisiandikwe peke yake. Liandikwe pamoja na mahali lilipotajwa na watu wanaolitumia, kwa kuwa kijito kimoja huweza kuwa na jina moja kwenye chemchemi, jingine kwenye madimbwi ya kuvundikia mihogo, na la tatu kinapokaribia kuingia mtoni. Nilipofuatana na katekista mmoja mzee kando ya kijito kinachotenganisha vigango viwili, yaani sehemu mbili ndogo za parokia, alibadilisha jina mara tulipovuka daraja la magogo, na nilipomuuliza akanishangaa: huku juu, alisema, wanaochota ni wengine. (Jina lenyewe silitaji, maana mpaka huo bado unajadiliwa.) Tungaliandika jina la chini tu, mtu wa juu angalisoma hati na kudhani kwamba mpaka unaishia darajani.

Tahajia nayo isikutishe. Mto Lugufu huandikwa pia Rugufu, na zote mbili zimo katika maandishi. Andika kama wenyeji wanavyotamka, kisha weka pembeni tahajia za ramani na hati za zamani. Usifute hata moja.

Wazee wengi walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na majina mengi yalibaki kwenye mahame. Mzee akiwa na nguvu za kutembea, mfikishe huko huko. Majina anayoyakumbuka akiwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya kijiji huwa machache mno.

Ukitumia simu kuchukua majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipo nukta, kumbuka kwamba karatasi za zamani za ramani za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa majira uitwao Arc 1960, ilhali simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Tofauti yake kwetu ni kama mita 300, na umbali huo unatosha kukihamishia kijito kwenye shamba la jirani.

Kuandika kwamba "mpaka unafuata kijito" hakutoshi. Eleza kama ni katikati ya maji au ukingoni, ukingo wa upande gani, kuanzia wapi hadi wapi, na maji yalikuwaje siku ya kupima, kwa sababu masika hutanua kijito na kiangazi hukikausha.

Mipaka ya aina mbili isichanganywe katika hati moja. Ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Ya parokia ya Kikatoliki hubadilishwa na askofu peke yake, baada ya kulisikiliza baraza la mapadre. Orodha ya majina ya vijito, hata hivyo, inaweza kuwa moja. Isomwe kwa sauti, kwa Kiha na kwa Kiswahili, mbele ya watu wa pande zote mbili, kisha nakala zibaki kwa watendaji wa vijiji vyote viwili na katika ofisi ya parokia.