Sanduku la Sheria: Mbona Hakimu Alikataa Ushahidi Wangu?

Barua tulizochagua mwezi huu zimetoka pembe mbalimbali za Uganda, lakini zote zinauliza jambo moja: mahakama huamua vipi ni ushahidi gani itaupokea, na kwa nini kitu ambacho mwenye kesi anajua ni cha kweli hurudishwa mikononi mwake? Majina ya walioandika tumeyaacha kwa ombi lao. Anayejibu ni wakili wa safu hii.

Swali: Bwana Wakili, nilimkopesha mfanyabiashara mwenzangu shilingi milioni 4 bila kuandikiana, kwa kuwa tumefahamiana tangu shuleni. Alipochelewa kulipa, aliniandikia WhatsApp akikiri deni na kuomba nimsubiri hadi mavuno ya kahawa. Niliupiga picha ujumbe huo kwenye skrini, nikauchapisha na kuupeleka mahakamani. Wakili wake alipinga, na hakimu akaamua kwamba karatasi ile ipokelewe kwa utambulisho tu, si kama kielelezo. Je, sheria yetu haiitambui WhatsApp? – Msomaji, Mbale

Jibu: Inaitambua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inasema wazi kwamba ujumbe haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inamtwika yule anayeuleta ujumbe mzigo wa kuthibitisha kwamba kweli ndio ule anaodai kuwa ndio, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu humkabidhi hakimu karatasi na kusubiri karatasi ijieleze yenyewe.

Kwanza elewa kwamba hukukataliwa. Karatasi iliyopokelewa kwa utambulisho imepewa alama ili mashahidi waweze kuizungumzia, na inaweza kugeuzwa kuwa kielelezo kamili baada ya msingi wake kuwekwa. Ila isipogeuzwa, hakimu hawezi kuitegemea anapoandika hukumu. Msingi huo utauweka wewe mwenyewe ukiwa kizimbani: ueleze kwa kiapo kwamba simu ni yako, kwamba namba iliyotuma ujumbe ndiyo mliyokuwa mkiwasiliana kwayo siku zote, ujumbe uliingia lini, nani aliupiga picha na nani akauchapisha. Nenda na simu yenyewe ikiwa na mazungumzo yote tangu mwanzo, si kipande kinachokupendeza tu, maana wakili wa upande wa pili atakuuliza ni nini ulichokifuta. Mwenzako akiikana namba, iombe mahakama imwite ofisa wa kampuni ya simu aje na kumbukumbu za usajili wa laini, na ikiwa fedha ulizituma kwa simu, aje pia na taarifa ya muamala. Baada ya hapo mahakama itapima uzito wa ujumbe kwa kuangalia namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na kama kuna dalili ya kuchezewa.

Nashangaa kidogo kwamba hukushauriwa kupitia utaratibu wa madai madogo, ambao hushughulikia madeni yasiyozidi shilingi milioni 10. Huko hakuna mawakili, na hakimu mwenyewe ndiye huwauliza maswali nyote wawili.

Swali: Marehemu kaka yangu alivamiwa usiku akirudi nyumbani. Mke wake alimkuta mlangoni akivuja damu, naye akalitaja jina la jirani aliyemkata, kisha akafariki kabla hatujamfikisha hospitali. Mpelelezi anatuambia kwamba maneno ya shemeji yangu ni ya kuambiwa tu, na mahakama haiwezi kuyasikiliza. Ni kweli? – Msomaji, Busia

Jibu: Poleni sana kwa msiba. Mpelelezi ameitaja kanuni akasahau kwamba kuna hali ambazo haitumiki.

Kanuni ni kwamba ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja: aliyeona aseme alichoona, na aliyesikia aseme alichosikia kwa masikio yake. Maneno ya mtu asiyekuwepo mahakamani hayapokelewi ili kuthibitisha kwamba aliyoyasema ni kweli, kwa sababu mtu huyo hakula kiapo na hakuna awezaye kumhoji. Lakini Sheria yetu ya Ushahidi, iliyoanza kutumika mwaka 1909 na ambayo sehemu kubwa yake imefuata ile ya India ya mwaka 1872, inaruhusu maneno ya marehemu kuhusu chanzo cha kifo chake au mazingira yaliyosababisha kifo hicho. Kwa Waingereza, maneno ya namna hiyo yalipokelewa tu iwapo msemaji alikuwa amekata tamaa kabisa ya kuishi. Kwetu sharti hilo halipo. Kwa hiyo shemeji yako anaweza kusimama na kuyasema.

Kama yataaminiwa ni jambo lingine. Mahakama za Afrika Mashariki zimekuwa zikiyatazama maneno ya anayekufa kwa tahadhari, na kwa kawaida hutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono, kwani mtu aliyeshambuliwa gizani anaweza kukosea hata kama hana nia ya kusema uongo. Katika kesi ya Abdala Nabulere, majaji wa Uganda waliorodhesha mambo ya kuangaliwa pale mtu anapodai kumtambua mwenzake katika mazingira magumu: kulikuwa na mwanga gani, walikuwa umbali gani, alimtazama kwa muda gani, na kama alimfahamu kabla. Shemeji yako ataulizwa hayo yote. Ayaeleze maneno ya mumewe kama alivyoyatamka, kwa lugha aliyoitumia, bila kuyafupisha wala kuyapamba. Na ahakikishe kwamba jina lile limo katika maelezo yake ya kwanza polisi, kwa sababu jina linalojitokeza miezi sita baadaye hushukiwa.

Swali: Mheshimiwa Wakili, mimi ni mjane. Mwanangu anashtakiwa kwa mauaji, na kesi yake itasikilizwa Mahakama Kuu, Jinja. Anasema alipigwa kituoni mpaka akatia sahihi karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoisoma. Yeye alizungumza Kiswahili na Kisoga. Aliyeandika alikuwa askari wa cheo cha koplo. Ndugu zake wameshakata tamaa, wanasema amekiri na mambo yamekwisha. Je, yamekwisha? – Mama, Iganga

Jibu: Hayajaisha, Mama. Kati ya ushahidi wote unaopelekwa mahakamani, hakuna uliowekewa vizuizi vingi kama maungamo ya mshtakiwa, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani hakuna ushahidi ulio rahisi kuutengeneza kama huo pale mtu anapokuwa peke yake mikononi mwa waliomkamata.

Kizuizi cha kwanza ni cheo. Maungamo yaliyotolewa kwa polisi aliye chini ya cheo cha inspekta msaidizi hayafai kutumiwa dhidi ya mshtakiwa, isipokuwa kama yalitolewa mbele ya ofisa mwenye cheo hicho au zaidi, au mbele ya hakimu. Ikiwa ni kweli kwamba koplo alikuwa peke yake na mwanao, karatasi ile inaweza kuanguka kwa hoja hiyo tu. Lakini wakili wake aisome kwa makini, maana si ajabu kukuta sahihi ya ofisa mkubwa chini ya ukurasa. Hapo itabidi kuulizwa kama ofisa huyo alikuwamo chumbani au aliletewa karatasi mezani.

La pili ni hiari. Maungamo yaliyopatikana kwa kipigo, vitisho au ahadi yenye kumshawishi mtu hayapokelewi. Katiba ya mwaka 1995 imeiweka marufuku ya mateso miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote ile, na Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2012 inakataza kabisa ushahidi uliopatikana kwa mateso. Tena Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inaipa mahakama uwezo wa kubatilisha kesi nzima pale haki kama hiyo ilipovunjwa.

Jambo hilo huamuliwa katika kesi ndani ya kesi. Upande wa mashtaka utakapotaka kuitoa karatasi, wakili wa mwanao apinge pale pale, bila kungoja. Jaji atawaomba wazee washauri wa mahakama watoke nje, ili wasisikie maungamo ambayo huenda yasipokelewe, kisha atasikiliza suala moja tu: je, maelezo haya yalitolewa kwa hiari? Polisi waliohusika watatoa ushahidi na kuhojiwa. Mwanao naye anaweza kueleza yaliyompata. Si yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alipigwa. Upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuthibitisha kwamba hakulazimishwa. Hata hivyo, makovu, fomu ya uchunguzi wa daktari au kumbukumbu za zahanati ya gereza zina nguvu kubwa, hivyo anzeni kuzitafuta sasa kabla hazijapotea.

Suala la lugha usilidharau. Maelezo ya mshtakiwa hutakiwa kuandikwa kwa lugha aliyoizungumza, yakasomwa tena kwake, ndipo yakatafsiriwa kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mahakama zetu. Sote tunajua kwamba katika vituo vingi mahojiano hufanyika kwa Kiswahili huku kalamu ikiandika Kiingereza moja kwa moja. Jaji akiambiwa hivyo atataka kujua ni nani aliyetafsiri, na kama kuna maandishi yoyote ya maneno ambayo kijana aliyatamka mwenyewe.

Tuseme sasa kwamba vizuizi vyote vimevukwa na karatasi imepokelewa. Hata hapo mwanao bado ana nafasi. Katika kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda ya mwaka 1967, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba maungamo ambayo mshtakiwa ameyakana, ama kwa kusema hakuyatoa kabisa au kwa kusema alilazimishwa, yatazamwe kwa tahadhari. Kwa kawaida mahakama hutafuta ushahidi mwingine wa kuyathibitisha, na isipoupata lazima iridhike kabisa, kwa kuzingatia mazingira yote, kwamba hayawezi kuwa kitu kingine ila ukweli.

Nisikufiche upande wa pili. Ikiwa maelezo ya mwanao yaliwaongoza polisi hadi kwenye kitu, kwa mfano panga lililofichwa, Sheria ya Ushahidi inaruhusu sehemu ya maelezo inayohusu kupatikana kwa kitu hicho itolewe hata kama maungamo yenyewe hayafai. Upande wa mashtaka huenda ukauegemea mlango huo, nanyi mtaweza kujibu kwamba sheria ya mwaka 2012 haikubali matunda ya mateso. Kwa hiyo muulizeni kijana mapema kama aliwahi kutolewa kituoni akapelekwa mahali popote.

Swali: Polisi waliingia chumbani kwangu bila hati ya upekuzi, wakasema wamekuta simu tatu za wizi. Kwa kuwa waliingia kinyume cha sheria, simu hizo si zitatupwa nje ya kesi? – Msomaji, Kisenyi, Kampala

Jibu: Usiiwekee hoja hiyo matumaini yako yote. Zipo hali ambazo polisi wanaruhusiwa kupekua bila hati, na hata pale ambapo hawakuruhusiwa, mahakama zetu zilirithi msimamo mgumu kutoka kesi ya Kuruma ya nchini Kenya, iliyofika London kwenye Baraza la Malkia, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, na kutolewa uamuzi siku za Hali ya Hatari ya miaka ya 1950. Kuruma alipekuliwa na askari wa cheo cha chini kuliko kilichotakiwa, wakadai kumkuta na risasi mbili, kosa ambalo adhabu yake wakati ule ilikuwa kifo. Majaji walisema kwamba ushahidi ukiwa unahusika na kesi, namna ulivyopatikana haiuzuii, ingawa jaji ana hiari ya kuukataa iwapo kuupokea kutamwonea mshtakiwa. Kenya iliingiza kizuizi cha ushahidi wa namna hiyo katika Katiba yake ya mwaka 2010. Katiba yetu haina ibara inayosema hivyo waziwazi. Mimi naona ni pengo.

Nguvu zako zielekeze kwenye safari ya simu zenyewe. Nani alizichukua, je, orodha iliandikwa na kutiwa sahihi palepale mbele ya shahidi, namba za utambulisho za kila simu ziliandikwa, zilikabidhiwa kwa mtunza vielelezo siku gani? Safari hiyo ikiwa na siku tatu zisizo na maelezo, hakimu atapata shida kuamini kwamba simu zilizo mezani kwake ndizo zilizotoka chumbani kwako.

Swali: Marehemu baba alinunua kiwanja, na muuzaji aliweka alama ya kidole gumba kwa kuwa hakujua kusoma. Mkataba wenyewe uliungua pamoja na nyumba, tumebaki na fotokopi. Watoto wa muuzaji wanatudai ardhi. Fotokopi itapokelewa? – Msomaji, Arua

Jibu: Mahakama hudai hati asilia, lakini nakala hupokelewa ikithibitishwa kwamba asilia imeteketea au imepotea. Leteni taarifa ya polisi kuhusu moto, pamoja na mtu aliyeuona mkataba wenyewe na anayejua fotokopi ilitolewa lini na wapi. Kodi ya stempu nayo huwakwaza wengi: hati ambayo haikulipiwa haipokelewi hadi ilipiwe pamoja na faini, jambo linaloweza kurekebishwa.

Linalonitia wasiwasi ni kidole gumba. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inataka aliyeandika hati kwa niaba yao aonyeshe kwenye hati hiyo jina lake kamili na anuani yake, na kwamba aliyaandika maneno kama alivyoagizwa. Katika kesi ya chama cha ushirika cha Kasaala Growers ya mwaka 2010, Mahakama ya Juu ilikataa hati ya kiapo isiyotimiza sharti hilo. Basi kabla ya lolote, itazameni fotokopi chini ya alama ya kidole. Jina la mwandishi likiwepo, mtafuteni kama bado yu hai. Lisipokuwepo, msiitegemee karatasi peke yake: waiteni majirani wanaopakana nanyi, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa wakati ule, na yeyote aliyekuwepo mipaka ilipoonyeshwa, waeleze ni nani aliyelima na kujenga pale miaka yote hiyo muuzaji akiwa hai bila kulalamika.