Kujaza kiolezo cha Excel bila kukiharibu: yaliyonikuta mimi

Ndugu, umesema kiolezo chako cha ankara kilikuwa na nembo, rangi na mistari yake, ukakijaza kwa pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia data), faili likatoka jeupe kama sanda. Kiolezo hakina kosa. Ukiipa to_excel, amri yake ya kuandika Excel, jina la faili lililopo, pandas haiandiki ndani yake, inaunda faili jipya juu ya lile la zamani. XlsxWriter, maktaba nyingine ya Python, nayo haifungui faili lililopo hata kidogo, kwa hivyo usiipotezee jioni.

Tumia openpyxl, maktaba ya Python inayosoma na kuandika faili za Excel. Fungua kiolezo kwa load_workbook, badilisha value ya seli tu, kisha hifadhi kwa jina jingine. Rangi, mipaka na muundo wa namba vitabaki. Kwenye seli zilizounganishwa andika ile ya juu kushoto, zilizobaki zitakurushia kosa la MergedCell. Nembo hubaki kama umesakinisha Pillow (maktaba ya picha), lakini visanduku vya maandishi hutoweka kimyakimya. Changu kilikuwa cha masharti ya malipo, na aliyegundua ni mteja.

Lakini jasho lilinitoka kwenye kuongeza safu mlalo. Nilikuwa nikiandaa ankara za duka moja la vifaa vya ujenzi huku Industrial Area, Nairobi. Kiolezo kilikuwa na nafasi ya bidhaa 20, safu ya 12 hadi 31, jumla kwenye F32, na chini yake VAT ya asilimia 16. Akaja mteja wa bidhaa 25. Nami kwa ujanja wangu nikaita insert_rows, nikaongeza safu tano katikati. Jumla ikashuka hadi F37, ila ndani yake bado imeandikwa =SUM(F12:F31). Bidhaa tano za mwisho zikapita bure! VAT ndiyo iliyonichekesha baadaye (siku ile sikucheka): ilikuwa bado inasoma F32, ambapo sasa palikuwa na misumari, kwa hivyo mteja alitozwa kodi ya misumari peke yake. Na sehemu ya sahihi, seli zake zilizounganishwa zilibaki pale zilipokuwa huku maandishi yakihama.

openpyxl huhamisha seli, basi. Haisomi fomula wala kuzirekebisha.

Tangu hapo siongezi safu kwa skripti. Nilifungua kiolezo kwa mkono, nikakipanua kiwe na safu 60 zenye fomula sahihi, na skripti huficha zisizotumika kwa row_dimensions[r].hidden = True. Wengine wataona ni njia ya kivivu. Sawa, lakini jumla zangu zinatoka.

Namba za simu ziandike kama maandishi, la sivyo sufuri ya 07 itaanguka. Kama kiolezo kina makro (programu ndogo ndani ya faili la Excel), usisahau keep_vba=True kwenye load_workbook.

Halafu kuna hili la kufungua faili kwenye simu. openpyxl haipigi hesabu, na ikihifadhi hutupa majibu ya zamani ya fomula. Kwenye kompyuta hutaona shida kwa sababu Excel hukokotoa upya ikifungua. Mzee wa duka yeye alifungulia ankara kwenye WhatsApp akiwa matatuni, akakuta jumla ni tupu, akanipigia akifoka kwamba ninagawa simiti bure. Siku hizi kila faili nalipitisha kwenye programu ya LibreOffice kwanza, kwa amri ya soffice --headless --convert-to pdf, na mzee anatumiwa PDF tu.