Kisumu mpaka New York ni masaa mangapi? Wacha niwaambie vile ilikuwa kwangu

Kuna mwenzetu ameuliza Kisumu mpaka New York ni masaa mangapi, akachukua kilomita 11,800 akagawanya na mwendo wa ndege wa 900 kwa saa akapata 13. Hesabu yako iko sawa boss, shida ni kwamba ndege haikuchukulii mlangoni kama bodaboda ya Kondele.

Kwanza hizo 11,800 ni za kutoka Nairobi. Na hapa ndio huwa nacheka, juu ukivuta uzi kwenye tufe, si kwenye ile ramani ya ukutani, kutoka Nairobi mpaka New York, uzi unapita huku huku kwetu, karibu na Bungoma, ndio uende zake Sahara na Atlantic. Manake sisi wa Kisumu tunalipa nauli ya kurudi nyuma kilomita 260 hivi, dakika kama 50 hewani, halafu usiku tunapitishwa tena juu ya watu wetu wakiwa wamelala. Mimi nilichungulia dirishani nikaona mataa kidogo tu, sijui ilikuwa Eldoret ama wapi.

Sasa ile ya Nairobi moja kwa moja, Kenya Airways walianza Oktoba 2018 na Dreamliner, kwenda ni kama masaa 15, kurudi 14. Si rubani anazembea. Huko juu kuna upepo mkali unavuma kutoka magharibi, ukienda unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongo.

Lakini kilichonimaliza mimi si hayo 15. Ilikuwa Novemba, naenda kumwona dada yangu, nikajifanya mjanja nikanunua tiketi mbili tofauti juu ilikuwa bei poa, ya Kisumu–Nairobi ya jioni na ile kubwa ya usiku. Si mnajua mvua ya ziwa, saa tisa mchana jua linawaka, saa kumi wingu jeusi limekaa juu ya Winam, ile ghuba ya ziwa hapa Kisumu, na radi zake. Ndege ikachelewa karibu masaa matatu. Nafika Nairobi nakimbia na begi imejaa omena za dada, kaunta imefungwa, yule dada wa pale ananiangalia tu ananiambia pole. Na kwa vile tiketi hazikuwa pamoja, hakuna mtu wa kulaumiwa ila mimi, nikalala kwenye viti na nikalipa faini ya kubadilisha tarehe. Hiyo safari kutoka mlango wangu mpaka mlango wa dada ilikula masaa 49. Mara ya pili nilipanda ndege ya asubuhi, tiketi ikiwa moja, ikawa kama 29, kungoja Nairobi ukiweka ndani.

Na usichanganywe na saa za kwenye tiketi, zote ni za mahali ndege iko. Unatoka karibu saa sita usiku, unafika asubuhi, unadhani umesafiri masaa saba. Nilimpigia mathe saa mbili asubuhi ya kule kumwambia nimefika, akaniambia yeye sai ni saa kumi jioni anaanika nguo tena, mvua ilizinyeshea. Tofauti ni masaa nane wakati wa baridi yao, saba kuanzia Machi wakishasogeza saa.

Kwa hivyo mkuu, panga siku nzima na kitu. Unaenda mwezi gani?